Mwanasesere Juu ya Kabati

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Unasema kijana wako wa miaka 4 haachani na mwanasesere wa dada yake, mjomba wake akamcheka mbele ya wageni, na jioni ile baba yake akamtupa mwanasesere juu ya kabati. Unauliza kama kuna tatizo.

Lipo, ila si la mtoto.

Kwanza mtazame anachofanya, usitazame alichoshika. Umeandika kwamba humviringisha kitambaa, humkinga shingo kwa kiganja, kisha humpigapiga mgongo mpaka acheue. Shingo ya kichanga hushikwa hivyo hasa! Huyo anacheza kulea, na amejifunza kwa kuwaangalia nyinyi na mdogo wake. Wakubwa wanaona gauni la mwanasesere, mchezo wenyewe unawapita.

Tena mambo haya tunayodai ni ya tangu na tangu, mengine ni ya juzi tu. Iko picha ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ya mwaka 1884: mtoto mdogo, nywele ndefu, kavaa gauni. Wavulana wengi wa umri wake walivikwa hivyo. Na kampuni ya vichezeo ya Hasbro ilipomtoa G.I. Joe, sanamu ya askari ya kuchezea wavulana, mwaka 1964, ilikwepa kabisa kumwita mwanasesere, kwa hofu kwamba wazazi hawatawanunulia wavulana. Alikuwa na nguo za kuvalishwa na kuvuliwa kama mwanasesere yeyote. Akauzika sana.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliwapima watoto 33 wa miaka 4 hadi 8. Sehemu ya ubongo inayohusika na kuwaelewa wenzetu ilifanya kazi walipocheza na wanasesere, hata wakiwa peke yao, wavulana sawa na wasichana. (Gharama alilipa mtengenezaji wa wanasesere wa Barbie, kwa hiyo usiumeze mzimamzima.)

Sasa mjomba. Mjibu palepale, mtoto akisikia, kwa sentensi moja: "Anamlaza mtoto, mjomba, tusimwamshe." Kisha ulizia safari yake, au chai. Ukianza kuhutubia, mtoto anageuka kesi ya ukoo. Ukinyamaza halafu ukambembeleza usiku, ameshaelewa kwamba mbele za watu hana mtetezi. Kosa hili la pili ndilo wazazi wengi hufanya, kwa heshima tu. Maneno marefu mwekee kaka yako mkiwa wawili.

Kwa mumeo, usianze na kubishana. Muulize anaogopa nini hasa. Akisema mtoto atachekwa, usimpuuze: msichana anayekwea miti husifiwa ushupavu, mvulana anayesuka nywele za mwanasesere hubandikwa jina. Akisema anaogopa atakuwa mwanamume wa namna gani, mwambie mchezo wa miaka 4 hautoi jibu hilo. Na kumpokonya hakumwondolei hamu, humfundisha kujificha. Utamkuta nyuma ya mlango, na akisikia nyayo anamsukumia mwanasesere chini ya kitanda.

Usiruke pia upande wa pili ukamnunulia wanasesere kumi na kumpiga picha kila saa. Hapo unacheza wewe.

Kwa wenzake mpe jibu fupi: "Mimi napenda. Wewe unapenda nini?" Lifanyieni mazoezi mara tatu nne, wewe ukiwa mchokozi, mpaka alitamke bila kuinamisha kichwa. Akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, au kugoma kwenda shule, usimhoji yeye kuhusu mwanasesere. Nenda kwa mwalimu, uulize nani anakaa naye, na nini hutokea wakati wa mapumziko.

Mwanasesere mshushe leo, baba akijua. Usimkabidhi mtoto kwa sherehe wala kwa maelezo. Mrudishe kikapuni pamoja na magari, na kama mkono umelegea kwa kule kutupwa, urudishe kwanza mahali pake.

Wako,
Salma