Bushi ya nailoni imekamata shafti? Soma hapa kabla hujaitupa

Wiki hii mteja wa boti katurudishia bushi ya nailoni, yani kile kibomba kifupi ambacho shafti inazunguka ndani yake, shafti ya mm 50 imekamata kabisa, na siku tunamkabidhi ilikuwa inazunguka kwa vidole viwili tu. Akajua tumempiga mali feki. Mali ilikuwa safi, kosa letu ni kwamba hatukumuuliza inaenda kufanya kazi wapi.

Yani iko hivi, nailoni inakunywa maji. Hii nailoni 6 ya kawaida ikikaa majini mpaka ishibe inabeba maji karibu asilimia 9 ya uzito wake, na ikishiba inavimba, sasa kwa vile nje imebanwa na hauzingi, ile nyumba ya chuma inayoishika, haina pa kwenda, inavimbia ndani, tundu linapungua, shafti inakamatwa. Huku pwani hata hewa tu inatosha kuivimbisha kidogo. Na joto nalo linaongezea, maana nailoni inatanuka karibu mara 7 ya chuma.

Ile bushi hatukuitupa, tumeirudisha kwenye mashine ikiwa bado imelowa, tukapanua tundu, inazunguka vizuri. Ila kwa kazi za majini sasa tunashauri asetali, plastiki nyingine ngumu, hiyo maji inakunywa kidogo sana. Ukitaka nailoni hivyo hivyo tutakereza tundu kubwa, siku ya kwanza utaona inacheza, usiogope, iache ilowe kwanza.

Msiichukie nailoni lakini jamani. Kwenye gia, puli na bushi za mashine za kusaga, sehemu kavu yenye vumbi, mimi binafsi naikubali sana: haili shafti, grisi inataka kidogo, haina kelele, uzito wake kama moja ya saba ya chuma, oili na petroli wala haviisumbui. Iepushe na maji ya betri, asidi inaila, na usiiweke karibu na ekzosi, inayeyuka nyuzi 220 lakini nguvu inaanza kupungua mapema sana kabla ya hapo.

Halafu kuna fito nyeupe mtaani zinauzwa kwa jina la nailoni kumbe ni plastiki ya madumu. Kata kipande kama ukucha, kitie kwenye ndoo ya maji, kikielea hiyo sio nailoni, mrudishie mwenyewe.

Ukija kwetu njoo na shafti yenyewe, sio kipimo cha kwenye karatasi, na utuambie inafanya kazi majini au pakavu.