Hundi ya Kadibodi Imetutia Aibu: Tumchangie Mchoraji Wetu

Ndugu zangu mlio hapa Kampala na mlio mbali, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Naandika nikiwa na haya, na haya hizo tugawane. Siku ya kutangaza zawadi yetu ya uchoraji ya mwaka huu tulimkabidhi mshindi hundi ya kadibodi pana kama meza ya chapati. Tuliichora wenyewe, mafundi si tunao, sufuri zikapendeza: shilingi 9,000,000. Vigelegele vikapigwa, pilau ikaliwa. Hundi ameitundika chumbani kwake Kikoni. Kwenye akaunti, pamoja na ahadi zenu zote, zimo 3,400,000.

Binti huyu anasoma shahada ya uzamili ya uchoraji Makerere. Karakana moja ya Ubelgiji imemwalika miezi mitatu. Kitanda na mahali pa kuchorea watampa. Kufika na kula ni juu yetu. Visa ya Schengen, ya kuingilia Ubelgiji, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Inatakiwa bima ya safari ya kugharamia matibabu yasiyopungua yuro 30,000, na taarifa ya benki ya kuonyesha utaishi vipi. Ubalozini hawapokei kadibodi.

Juzi nilimtembelea. Anachora juu ya amerikani ya soko la Kikuubo aliyoikaza kwenye fremu ya mbao za kreti. Picha ikikauka anaing'oa, anaiviringisha, fremu ile ile inavaa kitambaa kingine. Tyubu ya rangi nyeupe alikuwa ameipasua kwa wembe, anakomba kilichobaki kwa ncha ya kisu. Nyeupe ndiyo huisha kwanza. Na msiseme abebe rangi za hapa: tapentaini ya kuzimulia rangi haipandi ndege, inashika moto. Vingi atanunua huko huko, kwa bei ya huko.

Kuna mzee aliniuliza, kwani hapa hakuna vya kuchora? Vipo, mzee wangu. Lakini mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Machame, Kilimanjaro, alitoka Makerere akaenda kusoma chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akarudi kufundisha Makerere hiyo hiyo. Mchoraji Theresa Musoke naye alipita Royal College of Art, chuo kingine cha sanaa cha London. Nauli zao hazikuokotwa njiani. Mwaka 2022 Uganda ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, na kutajwa kwa heshima, sote tulijigamba. Kujigamba hakukuwa na kiingilio.

Sisemi hamtoi. Mwaka jana fundi bomba wetu alikata bomba la plastiki, akalitia vifuniko, mshindi akasafiri na picha zake humo bila kukunjika. Mama wa chapati pale kona alitoa 50,000 kabla ya wenye magari. Mungu amzidishie.

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanasaini pamoja, na risiti zitasomwa kikaoni kama kawaida.

Maombi ya visa hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15 kabla ya safari, kwa hiyo tunafunga mchango Ijumaa ya wiki ijayo. Tumeni kwa namba ya mweka hazina mliyo nayo, si nyingine yoyote. Elfu tano pia ni tyubu. Na ninyi wa "nitatuma kesho" tangu Ramadhani, orodha ninayo mfukoni. Sijaisoma hadharani bado.