Mmeandika ukuta, foleni mmeisahau

Mhariri,

Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu mpaka wa Marekani na Mexico nimeshindwa kuinyamazia. Mlieleza ukuta, askari na mahabusu. Waliopanga foleni ya kisheria hawakupata hata aya moja.

Mimi ni raia wa Marekani. Mwaka 2010 nilimwombea dada yangu ukaazi. Sheria ya 1990 inatenga viza 65,000 tu kwa mwaka kwa ndugu wa raia, dunia nzima, na humo humo wanahesabiwa wenzi wao na watoto wao. Kila mwezi hutoka tangazo la tarehe ambayo foleni imefikia: walioombewa kabla ya tarehe hiyo ndio zamu yao. Mwezi mmoja inasogea wiki moja, mwingine haisogei, mwingine inarudi nyuma. Ombi liliidhinishwa mwaka uliofuata. Zamu yake hadi leo haijafika. Binti yake alikuwa na miaka 9. Sasa amepita 21 kwa mbali, kisheria si mtoto tena, ametoka kwenye faili la mama yake, na sheria haina mlango wa mjomba kumwombea mpwa.

Kisha mama yetu akafariki, nikiwa naishi naye huku. Dada akaomba viza ya matembezi ya wiki mbili, aje azike. Afisa akafungua kompyuta, akaliona lile ombi la 2010, akamwambia kuwa aliyeombewa ukaazi ameshaonyesha nia ya kuhamia, kwa hiyo haaminiki kwamba atarudi. Barua ya mwajiri hakuitazama. Cheti cha kifo hakukigusa. Nilimzika mama nimeinua simu juu ya kaburi ili mwanawe aone, mtandao ukikatika kila dakika, na udongo ulipoanza kumwagwa alikuwa ameshapotea kabisa hewani. Dada yangu hajawahi kuvunja sheria yoyote ya uhamiaji. Kama angekuwa hajaombewa chochote, pengine angeonekana mwaminifu zaidi. Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Na jambo jingine: acheni kuandika "wahamiaji haramu" kwa kila mtu. Wengi wasio na vibali waliingia kwa ndege, viza mkononi, muda ukawaishia; ukuta hauwahusu. Anayeomba hifadhi ana haki ya kuomba kwa sheria ya Marekani ya 1980, hata kama hakupita kwenye kituo cha mpakani. Huyo mnamwitaje haramu kabla kesi yake haijasikilizwa?

Sipingi mpaka kulindwa. Lakini mwaka 2013 Seneti ilipitisha, kwa kura 68 dhidi ya 32, muswada uliobeba yote mawili: askari wa mpakani karibu 20,000 zaidi, na njia ya miaka 13 ya kufikia uraia kwa wasio na vibali. Hata mimi ulikuwa na la kuniuma, maana ulifuta kundi la ndugu kwa siku za mbele, ila waliokwisha kupanga foleni wangemaliziwa. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kamwe.

Ningekuwa na sauti, ningeomba mambo matatu. Zile 65,000 ziwe 130,000 mpaka foleni ishuke chini ya miaka mitano. Mwenye cheti cha kifo cha mzazi apewe viza ya siku 14, na ombi la ukaazi lisihesabiwe dhidi yake. La tatu ni tarehe: sheria inamruhusu mtu mwenye mwenendo mwema aliyeishi Marekani tangu kabla ya Januari 1, 1972 kuomba ukaazi, na tarehe hiyo haijaguswa tangu 1986. Isogezwe, kisha iwe inasogea yenyewe mwaka mmoja kila Januari.

Nanyi, mkiandika tena habari za ukuta, wekeni pembeni tarehe ambayo foleni imefikia mwezi huo. Hutangazwa wazi, hailipiwi.

Msomaji wenu,
Marekani