Anayeingia nchi ya watu atawajibika kwa nani?

Mhariri,

Nchi ikichafuka, iwe kwa uchaguzi ulioibwa, kwa mapinduzi, au kwa serikali kuwageuzia raia wake bunduki, walio nje hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaotaka majeshi yapelekwe kesho asubuhi, na kuna wanaosema ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Naandika kwa sababu makundi yote mawili yanaruka swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: huyo anayeingia, akikosea au akiwatelekeza watu, watamdai wapi?

Hoja ya kuheshimu mamlaka ya nchi siidharau hata kidogo. Waasisi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliiandika katika mkataba wa 1963 kwa sababu nchi nyingi zilikuwa ndiyo kwanza zimejinasua mikononi mwa watawala waliodai wamekuja kusaidia. Tatizo ni kwamba baadaye wakubwa waliigeuza pazia. Mwaka 1979, Tanzania ilipomng'oa Idi Amin baada ya majeshi yake kuivamia Kagera, baadhi ya viongozi wa OAU waliokutana Monrovia walipata sauti ya kumlaumu Nyerere. Kwa miaka minane ambayo Amin aliwaua Waganda, sauti hiyo ilikuwa wapi?

Umoja wa Afrika, uliorithi OAU, ulijaribu kurekebisha. Ibara ya 4 ya Sheria yake ya Uanzilishi ya mwaka 2000 inakataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, na papo hapo inaupa Umoja wenyewe haki ya kuingilia kunapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono. Lakini isome uone: haki iliyotajwa ni ya anayeingia. Ya mwananchi anayeingiliwa, ya kumdai mgeni huyo, haimo.

Pengo hilo lina sura za watu. Kigali, Rwanda, Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, katika shule ya ufundi ya ETO mtaa wa Kicukiro, watu wapatao 2,000 walikimbilia uani kwa kuwa palikuwa na askari wa Ubelgiji waliovaa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa. Wauaji walikuwa nje ya lango, wakisubiri. Wabelgiji walikuwa wameuawa wenzao kumi siku chache nyuma, na nchi yao ilikuwa mbioni kuwarudisha nyumbani. Tarehe 11 raia wa kigeni walishasafirishwa, magari yakawashwa. Wapo waliojilaza barabarani ili yasipite. Yakapita. Watu wale waliswagwa hadi kilima cha Nyanza, na wengi wao wakauawa siku hiyo hiyo.

Wengi husimulia kisa hiki kuonyesha ubaya wa kutoingilia. Mimi nakisoma tofauti, na naomba wasomaji wako wanivumilie hapa. Wale askari walikuwa wameshaingia. Watu walikusanyika pale kwa sababu waliiamini bendera iliyopepea getini. Pasingekuwa na bendera, huenda wengine wangejificha vichakani au wangetafuta njia ya mpakani. Ukimwambia mtu aje kwako atakuwa salama, umeshachukua roho yake mkononi. Haiwezekani uamuzi wa kuiachia ufanywe na mji mkuu wa mbali ambao hautaulizwa neno na wafiwa.

Haiti nayo ilipata somo la aina nyingine. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilipelekwa huko mwaka 2004 kutuliza machafuko ya kisiasa. Mwaka 2010, maji taka ya kambi yake karibu na Mirebalais yaliingia kijito kinachomwaga katika mto Artibonite, mto ambao watu huuchota, huuoga na kuufulia. Kipindupindu, ambacho nchi hiyo haikuwa na kumbukumbu nacho kwa zaidi ya miaka mia moja, kikaua watu karibu 10,000. Waathirika walifungua kesi Marekani. Mahakama ikasema Umoja wa Mataifa una kinga. Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wake wa wakati huo, aliomba radhi Desemba 2016, miaka sita baadaye. Mama aliyezika watoto kwa ugonjwa ulioletwa na mlinzi wake hakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha.

Libya naigusa tu, maana inajulikana. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2011, lilikuwa la kulinda raia; Oktoba Gaddafi alikuwa ameuawa, na waliorusha ndege wakaenda zao. Obama mwenyewe alikiri baadaye kwamba kutojiandaa kwa siku iliyofuata lilikuwa kosa lake kubwa zaidi.

Je, nasema tukae kimya? Hapana. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa 2007, na watu zaidi ya 1,000 kuuawa, wapatanishi Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa waliingia bila bunduki, wakakubaliwa na pande zote mbili, wakakaa. Zilikuwa siku 41 za kubembeleza, kukemea, kusitisha vikao na kuanza upya, hadi Rais Kibaki na mpinzani wake Odinga walipotia saini makubaliano ya kugawana madaraka mbele ya Harambee House tarehe 28 Februari 2008. Wala Annan hakusahau alikotoka: mwaka uliofuata, Kenya iliposhindwa kuunda mahakama maalumu, ndiye aliyeikabidhi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, bahasha ya majina ya watuhumiwa. Kesi zilivunjika, na hilo linaniuma. Lakini Wakenya walijua nani alikuja, alikuja kufanya nini, na wangemkumbusha ahadi gani.

Kwa hiyo, Mhariri, mbunge yeyote atakayeombwa kuidhinisha kikosi kiende nchi nyingine asiishie kuuliza idadi ya askari na gharama. Aulize raia wa huko watapeleka wapi malalamiko dhidi ya kikosi hicho, nani atalipa fidia, na ni nani mwenye mamlaka ya kukiondoa wakati watu bado wamejificha nyuma ya lango lake. Majibu hayo yaandikwe kwa lugha ya wenyeji na yabandikwe getini siku ya kwanza.

Ni mimi msomaji wako.