Kikao cha Jumamosi: mito, tumbaku na baraza la Jamestown

Habari za jioni wanakikundi,

Jumamosi saa kumi tunaendelea na makoloni ya Marekani. Kabla ya kuja, fungueni ramani ya Virginia kwenye simu mtazame mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake: Potomac, Rappahannock, York, James. Meli za Uingereza zilipanda mito hiyo hadi gatini kwa mkulima mwenyewe, zikapakia tumbaku palepale. Ndiyo maana miji ilichelewa kukua huko. New England, makoloni ya kaskazini, ardhi ni ya mawe. Watu wakashika uvuvi na uundaji wa meli, wakakaa karibukaribu na kuamua mambo yao kwenye mkutano wa mji.

Muda mwingi tutaumalizia Jamestown, makazi ya kwanza ya kudumu ya Waingereza huko Virginia. Tarehe 30 Julai 1619 wajumbe 22 waliochaguliwa na walowezi walikaa kanisani pamoja na gavana na baraza lake. Joto lilikuwa kali, mjumbe mmoja akafariki kikao kikiendelea, wakafunga 4 Agosti. Miongoni mwa waliyopitisha mapema ni bei ya tumbaku: shilingi 3 kwa ratili ya daraja la kwanza, peni 18 ya daraja la pili. Kwa maoni yangu siasa yao imeanzia hapo, kwenye bei ya zao.

Mwishoni mwa Agosti hiyohiyo, Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola walishushwa Point Comfort, kwenye mdomo wa mto James, wakabadilishwa kwa chakula. Hili tusilipitie juujuu, njooni na maswali.

Tunaanza kwa wakati. Wale wa "niko njiani" mnajijua.