Kanuni za mwendo zianzie kwenye dau, fomula zifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna watoto wetu wa Kidato cha Pili wanavyofundishwa kanuni tatu za mwendo, zile alizozitangaza Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687.

Mjukuu wangu, anayesoma katika shule moja ya sekondari mkoani hapa, alikuja likizo akiikariri kanuni ya tatu kwa Kiingereza pasipo kukosea hata nukta. Nilipomtaka anieleze maana yake kwa Kiswahili, alisema kwamba kila kani, yaani msukumo au mvuto, ina mwenzake aliye sawa naye kwa ukubwa na anayeelekea upande wa pili. Nikamuuliza, ikiwa ndivyo, mbona vitu vinakwenda? Akajibu kwamba kani hizo mbili zinafutana, kisha akanyamaza, kwa kuwa aliona mwenyewe kwamba kwa jibu hilo hakuna chombo ambacho kingeondoka pwani.

Jioni tuliazima dau la jirani, nikampa pondo. Alipousukuma mchanga wa chini kuelekea nyuma, dau lilikwenda mbele, nami nikamwambia anionyeshe zile kani mbili ziko wapi. Alichukua muda, lakini alizipata: moja inaisukuma ardhi, na nyingine, kupitia pondo na miguu yake, inalisukuma dau. Haziwezi kufutana kwa sababu kila moja imekipata kitu chake. Ardhi nayo inasukumwa, ila tungamo lake, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, ni kubwa mno hata hakuna jicho litakaloiona ikisogea. Tulipokaribia ufukoni aliruka kabla sijamkataza, dau likarudi nyuma, naye akatua majini hadi kiunoni. Angeruka vivyo hivyo kutoka kwenye kivuko cha Msangamkuu, angetua pakavu, ingawa kivuko nacho kingesukumwa kwa kani ileile. Hapo tayari tulikuwa tumeigusa kanuni ya pili, kwamba kani moja hukipa kitu chenye tungamo dogo mchapuko mkubwa, yaani mwendo wake hubadilika upesi, na chenye tungamo kubwa mchapuko mdogo, na wala hatukuwa tumeandika fomula yoyote.

Kwa maoni yangu, kikwazo kingine kipo kwenye maneno, na hapa nasema kama mtu aliyekuwa karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Kwa misimu mingi niliandika daftarini kwamba gunia lina uzito wa kilo 80, na hakuna mkulima aliyepunjwa kwa sababu ya neno hilo. Katika fizikia, hata hivyo, kilo 80 ni tungamo, yaani kiasi cha korosho kilichomo, na uzito ni kani ambayo dunia inalivutia gunia hilo, takriban newton 784, newton ikiwa ndiyo kipimo cha kani. Gunia hilohilo likifikishwa mwezini, uzito wake utashuka hadi kama newton 130 na mpagazi atalinyanyua bila kuhema, lakini tungamo litabaki kilo 80, na akitaka kulisukuma mbele kwa ghafla litamgomea kama linavyomgomea Mtwara. Mtoto aliyezoea kwamba uzito ni kilo, na kwamba nguvu ni ya mwili, ya umeme na ya hoja pia, anahitaji kuambiwa mapema kwamba darasani maneno hayo yamewekewa mipaka.

Kanuni ya kwanza, kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia na kinachokwenda huendelea na mwendo wake uleule mpaka kani ikibadilishe, nayo inapingana na macho yetu. Anayesukuma mkokoteni kwenye mchanga wa Mikindani anajua kwamba akiacha kusukuma unasimama, hivyo anaamini kwamba mwendo hauwezi kudumu bila kusukumwa. Auhamishie kwenye lami na atauona ukiendelea peke yake kwa hatua kadhaa, kwa maana kinachousimamisha ni msuguano, na pale msuguano umepungua.

Sitaki kuuingia mjadala wa lugha ya kufundishia, ambao ni mkubwa kuliko barua hii. Ninachowaomba walimu wa fizikia wa Mtwara na Lindi ni kipindi kimoja cha nje kabla fomula hazijaandikwa ubaoni, na kwamba kila kani inapotajwa, mwanafunzi aulizwe ni kitu gani kinasukuma na ni kipi kinasukumwa. Swali hilo moja lingemwokoa mjukuu wangu na kosa lake, na halihitaji maabara. Mwalimu wa Mikindani atakayekuwa tayari, jirani yangu ameshakubali kulitoa dau lake siku yoyote ambayo haendi kuvua, na pondo lipo kwangu.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara