Barua ya wazi kwa watangazaji vijana wa redio za Dar es Salaam

Wanangu na wajukuu zangu mnaoongoza vipindi vya mazungumzo katika redio za jiji hili,

Nawasalimu kwa heshima na upendo. Nimeona niwaandikie ninyi kabla ya wakubwa wenu, kwa sababu ninyi ndio mnaosikika na ndio mtakaoulizwa siku mambo yakiharibika, ilhali katika fedha inayotokana na maneno yenu mnaambulia kidogo sana. Wazee wenzangu wakilalamikia matusi na kejeli za hewani husema kwamba vijana wa leo hawana adabu. Mimi sikubaliani nao. Ingekuwa ni utovu wa adabu wa mtu mmoja mmoja, mkurugenzi wa vipindi angeukomesha kwa siku moja. Hakomeshi kwa sababu kejeli inauzika.

Tazameni inavyouzika. Saa za asubuhi na jioni, watu wanapokwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au wamebanana ndani ya daladala za Mbagala, ndizo saa ambazo tangazo la biashara hulipiwa ghali. Mwenye bidhaa analipia wingi wa wasikilizaji, na namna walivyopatikana haimsumbui. Kumtuma mwandishi akachunguze kwa nini mtaa fulani hauna maji kunataka muda, nauli na posho, na pengine kunamletea mwenye redio simu za ukali. Kumcheka mwanamke aliyeachwa hakugharimu chochote. Simu zinajaa, na ifikapo mchana kipande chake kimekwisha kukatwa na kutupiwa mtandaoni, ambako kinachuma tena. Ndiyo maana mnahimizwa kutafuta kiki.

Hivi karibuni, nikiwa ndani ya daladala, nilimsikia mama mmoja aliyepiga simu studio kueleza kwamba mumewe amemtelekeza pamoja na watoto. Hakufika mbali. Mtangazaji alimuuliza amenenepa kiasi gani tangu azae, na mwenzake akabonyeza mlio wa tembo. Mama akanyamaza, simu ikiwa bado hewani, huku studio nzima ikiangua kicheko. Na kicheko hakijakatika, likaingia tangazo la sabuni ya unga, lenye sauti ya mama na wanawe wakifurahi. Konda aliongeza sauti. Binti wa shule aliyesimama karibu nami aliinamisha uso. Mama yule alikuwa ametafuta msaada, na aibu yake ikatumika kuuzia sabuni.

Sidai kwamba biashara yenyewe ni uovu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa yake ya Biashara, tukasikiliza matangazo miaka mingi bila mtu kudhalilishwa. Sheria ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi nilifurahi, na hadi leo sitamani turudi kusikiliza sauti ya serikali peke yake. Nayasema haya kwa sababu wapo watakaodai kwamba mzee anataka redio zifungwe. Ninachotaka mkijue ni nani hulipa gharama biashara hii inapogeuka.

Mwezi Aprili 2007, nchini Marekani, mtangazaji maarufu Don Imus aliwatukana kwa ubaguzi wa rangi na wa jinsia wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers. Kampuni ya CBS ilitangaza kumsimamisha kwa wiki mbili tu. Kisha watangazaji wa bidhaa wakubwa, wakiwemo Procter & Gamble na General Motors, wakaondoa matangazo yao, na siku chache baadaye CBS ikamfukuza. Mawakili wake wakaeleza kwamba mkataba wake ulisema wazi kuwa kampuni ilitaka maneno ya ubishi na yasiyojali heshima. Yaani ilikuwa imeyanunua kwa maandishi! Madai yakaishia kwa maelewano, na kabla mwaka haujaisha Imus alikuwa hewani katika redio nyingine.

Ninyi hamna mkataba kama wake. Mwezi Machi 2021, jirani zetu wa Nairobi walisikia watangazaji watatu wa Homeboyz Radio wakimlaumu mwanamke aliyekuwa ameumia vibaya, ikidaiwa kwamba alisukumwa kutoka ghorofani. Wananchi walikasirika, kampuni ya East African Breweries ikasitisha matangazo yake, na watangazaji wote watatu wakafukuzwa. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikaitoza redio faini ya shilingi milioni moja ya Kenya na kukifungia kipindi kwa miezi sita. Redio yenyewe ikaendelea kuwa redio. Sitetei walichosema, kwa kuwa kilikuwa kibaya mno. Lakini mtindo wa kipindi kile haukuanza asubuhi ile.

Huku kwetu Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) huita, huonya na hutoza faini, lakini huja baada ya mtu kuumizwa. Mdhamini husikilizwa mapema zaidi, na wapo kati yenu wanaotafuta wadhamini wenyewe kwa kamisheni na wana namba zao za simu. Waambieni mapema kipindi kitakuwa na maneno gani, wachague wakiwa wanajua. Na mkikataa kumdhalilisha mpiga simu, kataeni pamoja, wa asubuhi na wa jioni, kwa kuwa anayekataa peke yake hupatiwa mbadala kabla ya Jumatatu.

Jambo la kwanza kabisa ni hili: mwombeni mkurugenzi wa vipindi maandishi yenye sahihi, yanayotaja mambo ambayo redio yenu hairuhusu kumfanyia mpiga simu, nani ana mamlaka ya kukata sauti, na nani atasimama mbele ya Kamati iwapo mtangazaji alifuata maelekezo aliyopewa. Mkipewa, kila mmoja abaki na nakala nyumbani kwake. Mkikataliwa, andikeni tarehe, maneno mliyojibiwa na jina la aliyewajibu.

Mzee wenu,
Temeke, Dar es Salaam